Kiinua mgongo kiende wapi: vyumba vya kupangisha, hatifungani au mradi?

Mtumishi akikaribia miaka 60 anaanza kuulizwa swali moja na kila anayemfahamu: ukishastaafu utafanya nini? Majibu yamekuwa yaleyale kwa miaka mingi. Nitajenga vyumba vya kupangisha. Nitanunua hatifungani za serikali nile riba. Nitafungua mradi: kuku, bajaji, shamba. Nimeyaona yote matatu yakifanywa na watu ninaowaheshimu, walimu, wauguzi na wahasibu wa halmashauri, na nimekaa na baadhi yao wakipiga hesabu daftarini. Hapa nayaweka sambamba ili anayestaafu mwaka huu au baada ya miaka kumi aone kila njia inadai nini kutoka kwake.

Kipimo nitakachotumia si ukubwa wa faida. Mstaafu anahitaji pesa inayoingia kwa tarehe inayojulikana, bila yeye kuikimbilia, hata mwezi ambao presha imepanda na daktari amemwambia apumzike. Njia inayoleta faida nono lakini inakutaka uamke saa kumi alfajiri ukiwa na miaka 72 haijakustaafisha.

Mkononi utapata nini hasa

Wengi wetu tunapanga ustaafu kwa kuwatazama waliotutangulia. Mwalimu mkuu aliyestaafu mwaka 2014 alimalizia nyumba, akanunua gari dogo na kusomesha wa mwisho, basi na sisi tunategemea hivyohivyo. Lakini kikokotoo alichostaafia, yaani kanuni ya kukokotolea mafao, si hiki cha leo.

Kwa wanachama wa PSPF na LAPF, mifuko ya pensheni ya watumishi hapa Tanzania, miezi ya uchangiaji iligawanywa kwa 540 na kuzidishwa kwa mshahara wa mwaka kupata pensheni ya mwaka, nusu ya pensheni hiyo ikageuzwa kuwa mkupuo kwa kuzidishwa mara 15.5. Mwaka 2018 PSPF, LAPF, GEPF na PPF zikaunganishwa kuwa PSSSF kwa watumishi wa umma, NSSF ikabaki na sekta binafsi na waliojiajiri. Kikokotoo kipya cha mwaka huo kilichopunguza mkupuo hadi asilimia 25 kilizua manung'uniko nchi nzima, na Desemba 2018 Rais Magufuli akakisitisha. Julai 2022 kikaja cha pamoja: gawanya kwa 580, zidisha mara 12.5, mkupuo asilimia 33. Bajeti ya 2024/25 ikaurekebisha mkupuo huo: asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likilipwa nusu, na asilimia 35 kwa lile lililokuwa likilipwa robo.

Tuone kwa mtu mmoja. Amechangia miezi 360, yaani miaka 30, na wastani wa mshahara wake kwa miaka mitatu iliyo bora katika kumi ya mwisho ni Sh1,000,000 kwa mwezi. Kwa kikokotoo cha zamani cha PSPF angeondoka na Sh62,000,000 mkononi na pensheni ya kama Sh333,000 kila mwezi. Kwa cha sasa, akiwa kwenye kundi la asilimia 40, anaondoka na takriban Sh37,200,000 na pensheni ya Sh372,000. Kwa kundi la asilimia 35, mkupuo ni kama Sh32,600,000 na pensheni Sh403,000.

Ziangalie namba hizo kwa utulivu. Karibu milioni 25 zimetoka kwenye mkupuo, na ninamwelewa kabisa mwenye uchungu nazo, kwa sababu wengi walishazipangia kazi miaka ishirini kabla. Lakini pensheni ya mwezi imeongezeka kwa Sh39,000. Maana yake kwa anayepanga leo ni hii: nyumba ya kuishi isisubiri kiinua mgongo. Ijengwe ukiwa kazini, tofali kwa tofali, hata ikichukua miaka kumi na tano. Anayestaafu akiwa bado anapanga ataona mkupuo wote ukimezwa na kiwanja, msingi na bati kabla hata hajafikiria chanzo cha pesa ya kila mwezi.

Nitaendelea na mtu wetu huyo wa milioni 37 na pensheni ya 372,000. Alipokuwa kazini, baada ya makato ya PSSSF, kodi na bima, mshahara wake wa milioni moja ulimfikia ukiwa kama Sh800,000. Kati ya 372,000 na 800,000 kuna pengo la Sh428,000. Hilo pengo ndilo kazi ya milioni 37.

Kuna mawili ya kumaliza kabla ya kuchagua lolote. La kwanza ni madeni. Mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara usivuke na wewe kwenda kwenye ustaafu, na ule wa riba ya mtaani, kausha damu, uwe umekufa kabisa kabla ya barua ya mwisho. Hakuna hatifungani wala chumba kitakachokuingizia zaidi ya kile deni hilo linachokula. La pili ni kadi ya matibabu. Mtumishi wa umma aliyekuwa akichangia NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, anaendelea kutibiwa akistaafu, yeye na mwenza wake, kwa masharti ya mfuko, watoto hawamo. Aliyefanya kazi kampuni binafsi aulize mapema bima yake inaishia lini, maana nyingi huishia siku anayokabidhi kitambulisho cha kazi, na dawa za sukari na presha ni matumizi ya kila mwezi kama unga.

Vyumba vya kupangisha

Hii ndiyo njia inayopendwa kuliko zote, na mapenzi hayo yana sababu. Nyumba inaonekana. Ardhi inapanda bei. Kodi ya pango unaweza kuipandisha vitu vikipanda sokoni. Na mpangaji wa mjini huku kwetu hulipa miezi mitatu, sita, hata mwaka kwa mkupuo, kwa hiyo kuna siku unashika pesa ya maana.

Tuseme kiwanja unacho tayari, pembezoni mwa Dar es Salaam au Mwanza, na kwa milioni 30 unasimamisha nyumba nne za chumba na sebule, kila moja na choo chake. Kila moja ukaipangisha kwa Sh100,000. Kwa karatasi hiyo ni Sh400,000 kwa mwezi, karibu sawa na lile pengo letu. Sasa toa. Kila nyumba itakaa tupu mwezi mmoja hivi kwa mwaka, mpangaji mmoja akitoka na mwingine akitafutwa. Kuna rangi, vitasa, koki zinazovuja, gari la kunyonya choo. Kuna kodi ya zuio ya pango ya asilimia 10. Kuna kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, ambayo tangu Julai 2023 ni Sh1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ukiwa mkweli na daftari lako, kinachobaki ni karibu Sh300,000 kwa mwezi.

Laki tatu si haba. Swali linalobaki ni nani anaisimamia, na hapo ndipo ninapowasihi watu wawe wakweli. Mpangaji akikwama kodi unamfuata wewe. Wapangaji wawili wakigombania umeme wa mita moja unaitwa wewe, usiku. Akigoma kuhama, unaanza safari ya serikali ya mtaa, kisha baraza la ardhi, huku chumba hakiingizi kitu. Wastaafu wanaofurahia vyumba vyao, kwa jinsi nilivyoona, ni wale wanaoishi kiwanja hichohicho au mtaa wa pili, na kila mpangaji ana mita yake ya LUKU na mkataba wa maandishi. Aliyejenga Kivule, Dar es Salaam, akaenda kuishi Songea anategemea dalali au mpwa, na pesa inayofika Songea huwa imepungua njiani.

Kisha kuna hatari ya pagale. Mtu anaanza vyumba sita kwa milioni 37, nondo na saruji zinapanda, fundi anazidisha mahitaji, na milioni zinaishia kwenye renta, kabla ya paa. Nyumba isiyopauliwa haina mpangaji. Pagale halikulipi chochote na huwezi kuliuza kwa bei uliyolijengea. Kwa hiyo ushauri wangu hapa hauna kona: kiinua mgongo kimalizie nyumba iliyokwisha kufika hatua ya bati, kisianzishe msingi mpya. Na kama kiwanja hakina hati, hakikisha kwanza halmashauri inakitambua kabla hujamwaga hata lori moja la mchanga. Wapo waliobomolewa wakiwa na miaka 65, na hakuna tena mshahara wa kuanza upya.

Hatifungani na vipande

Hatifungani ni mkopo unaoipa serikali. Benki Kuu inaziuza kwa mnada kwa vipindi tofauti, kuanzia miaka 2 hadi 25, na kiwango cha chini cha kuanzia ni Sh1,000,000. Hununui kwa kupanga foleni Benki Kuu. Unafunguliwa akaunti ya CDS, inayotunza kumbukumbu za hatifungani zako, kupitia benki yako au dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam, nao wanakupelekea zabuni. Baada ya hapo riba, ambayo wenyewe huiita kuponi, inaingia kwenye akaunti yako ya benki kila baada ya miezi sita mpaka muda uishe, na siku ya mwisho unarudishiwa ulichokopesha. Kuponi ya hatifungani za serikali za muda mrefu haikatwi kodi, wakati riba ya akaunti ya muda maalumu ya benki inakatwa asilimia 10. Watu wengi hawaulizi tofauti hiyo, na kwa mtu wa milioni 30 ni pesa ya kununulia dawa.

Kiwango cha kuponi hubadilika toleo hadi toleo. Ile ya miaka 25 ilipoanzishwa mwaka 2021 ilikuwa asilimia 15.95, mwaka uliofuata Benki Kuu ikaishusha hadi 12.56. Aliyenunua ya kwanza anaendelea kulipwa 15.95 yake mpaka mwisho, kwa sababu kiwango unachonunulia hakibadiliki. Kwa hiyo uliza toleo la sasa linalipa ngapi, usitumie namba uliyosikia kwa jirani.

Tuseme asilimia 12 ili tusijidanganye. Milioni 30 inaleta Sh3,600,000 kwa mwaka, ambayo ni Sh300,000 kwa mwezi. Ni sawa na vyumba vinne tulivyovihesabu, ila hapa hakuna koki inayovuja wala mpangaji wa kufuatwa. Ukilazwa wiki tatu, pesa inaingia. Ukienda kwa binti yako Arusha miezi miwili, pesa inaingia.

Kasoro zake ni za kweli na lazima zisemwe. Malipo ni mara mbili kwa mwaka, na mtu aliyezoea mshahara wa kila tarehe 23 anaweza kuitumia kuponi ya miezi sita ndani ya mwezi mmoja. Dawa yake ni kununua matoleo mawili ambayo miezi yake ya malipo imepishana, upate malipo manne kwa mwaka badala ya mawili. Kasoro kubwa zaidi ni mfumuko wa bei. Laki tatu ya leo itakuwa laki tatu hiyohiyo mwaka wa kumi na nane, na bei zikipanda kwa asilimia 4 kila mwaka, kufikia hapo gharama zitakuwa zimeongezeka mara mbili. Chumba cha laki moja unaweza kukipangisha laki na nusu baadaye. Kuponi haikubali mazungumzo hayo. Tena, ukitaka kuuza kabla ya muda, bei inategemea soko. Ukiwa na ya asilimia 12 na mpya zinatolewa kwa 15, mnunuzi atakupa pungufu ya ulicholipa.

Hapa ndipo mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS inapofaa. Unanunua vipande, wataalamu wao wanawekeza pesa za wote pamoja, na thamani ya kipande inatangazwa kila siku ya kazi. Mfuko wa Umoja ulianza 2005, na Mfuko wa Hatifungani ulianza 2019. Huu wa mwisho una mpango wa kulipa gawio kila mwezi kwa anayeanzia Sh10,000,000, kwa hiyo unafanana na mshahara kuliko hatifungani yenyewe. Mfuko wa Ukwasi unafaa kwa akiba ya dharura kwa sababu pesa inatoka ndani ya siku chache za kazi. Ubaya wa vipande ni kwamba hakuna kiwango ulichoahidiwa. Mfuko ukipata kidogo unapata kidogo. Anayelala vizuri kwa kujua namba yake kamili achague hatifungani moja kwa moja. Anayetaka kutoa kidogokidogo bila kusumbuka na soko achague vipande.

Yakikutana na maisha

Vyumba na hatifungani vinaleta kiasi kinachokaribiana kwa mwezi, kwa hiyo uamuzi hauko kwenye kiasi. Uko kwenye mambo yanayotokea mtu akiwa na miaka 68.

Ukiugua na kuhitaji milioni nne kesho, vyumba haviuziki kwa wiki moja, na ukiviuza kwa haraka unaviuza kwa hasara. Hatifungani inachukua siku kadhaa na inaweza kupungua bei. Vipande vya Ukwasi ndivyo vinavyotoka upesi kuliko vyote. Sitaki mtu yeyote astaafu bila sehemu ya pesa yake kukaa mahali pa namna hiyo.

Ndugu nao wana maombi yao, na kuwasaidia ni sehemu ya maisha yetu, siishauri familia yoyote iache. Lakini pesa iliyopo benki kwenye akaunti ya kawaida inajulikana na inaombwa: ada ya mjukuu, mchango wa harusi, mtaji wa mtoto aliyemaliza chuo. Milioni 37 inaweza kuisha kwa mema matupu ndani ya miaka miwili. Hatifungani inakusaidia kusema ukweli bila kuumiza mtu: pesa imefungwa, nitakachoweza kutoa ni sehemu ya kuponi ya Juni.

Ukifariki, vyumba vinaleta kesi kuliko karatasi. Ndugu wanagombania nani akusanye kodi, mjane anaambiwa nyumba ni ya ukoo. Hatifungani na vipande vinapitia mirathi pia, lakini vinagawika kwa namba. Kwa vyovyote, mwenza wako ajue kila karatasi ilipo, ajue namba ya akaunti ya CDS, na jina lake liwe kwenye hati ya nyumba kama mlijenga wote. Andikeni wosia mapema.

Na kwa muda mrefu, ukijaliwa kufika 85, vyumba vinashinda. Mfumuko hauvili kama unavyoila kuponi. Ndiyo maana mwenye nyumba iliyokwisha kupauliwa sitamwambia aiache aende Benki Kuu na kila shilingi.

Mradi

Nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu nimeona wazuri wakiumia. Kiinua mgongo si mtaji wa biashara ambayo hujawahi kuifanya.

Bajaji inaleta hesabu kila siku, na kijana mwaminifu anaweza kukuletea vizuri mwaka mzima. Lakini inachakaa kila kilometa, inakamatwa, inagongwa, na baada ya miaka michache umebaki na chuma. Ile hesabu yote haikuwa faida. Sehemu yake ilikuwa bajaji yenyewe ikirudi kidogokidogo. Wanaojua kazi hii hutenga kila wiki pesa ya kununulia nyingine. Wastaafu wengi hawatengi.

Kuku wa mayai wana soko mjini kote, ila chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote, bei ya mahindi ikipanda faida inaondoka, na ugonjwa wa mdondo ukiingia kwenye banda ambalo chanjo ilirukwa unaweza kulala na kuku mia tatu na kuamka na thelathini. Uwakala wa pesa unataka floti, yaani pesa ya kuzungushia, ya kutosha na mtu wa kukaa dukani mchana kutwa, na matapeli wanaulenga. Yote haya yanawezekana kwa anayeyajua. Mwalimu aliyefuga kuku mia mbili nyuma ya nyumba kwa miaka sita akiwa kazini, akaumia na kujifunza, anaweza kuongeza banda akistaafu na nitamuunga mkono.

Shamba lina sharti lake la umri, na watu hawalisemi. Parachichi aina ya Hass, zinazolimwa sana Njombe na Rungwe, huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne na kukomaa baadaye zaidi. Misindano ya Mufindi inataka miaka mingi kabla ya kufikia mbao, mara nyingi zaidi ya kumi na tano. Anayepanda misindano akiwa na 42 anavuna akistaafu, na huo ni mpango bora kuliko mingi niliyoitaja hapa. Anayepanda akiwa na 60 anawapandia wajukuu. Ni jambo jema, lakini si pensheni.

Mjini au nyumbani

Hili huchukuliwa kama suala la moyo, na moyo una haki yake. Mtu anataka kuzeeka karibu na makaburi ya wazazi wake. Kijijini kodi ya pango haipo, mboga ziko uani, kipato cha laki sita kwa mwezi kinatosha na kubaki. Dar es Salaam laki sita hiyohiyo inakwenda kwa nauli, maji na gesi.

Kinachoamua, kwa maoni yangu, ni umbali wa hospitali. Ukiwa na 60 na afya njema huoni. Ukiwa na 70, kliniki ya kila mwezi na kipimo cha moyo vinakuwa ndiyo ratiba yako. Anayestaafia Moshi ana KCMC, wa Mwanza ana Bugando, wa Dodoma ana Benjamin Mkapa, wa Mbeya ana hospitali ya rufaa ya kanda. Kijiji kilicho saa sita kwa basi kutoka hospitali ya namna hiyo kinafaa kwa likizo ndefu, si kwa makazi ya uzee, isipokuwa kama una mtoto mwenye gari jirani.

Kati ya viwili hivyo kuna miji midogo, na ningependa watu waitazame zaidi. Morogoro, kwa mfano, viwanja na chakula ni nafuu kuliko Dar, na tangu Juni 2024 treni ya SGR inakufikisha Dar chini ya saa mbili. Ilipoanza, nauli ya kawaida ilikuwa Sh13,000. Mgonjwa wa kliniki ya Muhimbili au ya Taasisi ya Moyo anaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni bila kulala kwa mtu. Miaka kumi iliyopita hilo halikuwezekana kwa mzee.

Ningegawaje milioni 37

Kwa mtu wetu yule, mwenye nyumba ya kuishi na asiye na deni, ningeweka milioni 5 kwenye Ukwasi, isiguswe ila kwa ugonjwa au msiba wa ndani. Milioni 24 ningenunua hatifungani za matoleo mawili yaliyopishana miezi. Kwa asilimia 12 zinaleta wastani wa Sh240,000 kwa mwezi, na pamoja na pensheni ya 372,000 inakuwa Sh612,000, zaidi ya robo tatu ya mshahara aliokuwa akienda nao nyumbani, bila nauli ya kazini. Milioni 8 zilizobaki zimalizie vyumba viwili uani, kama vimefika kwenye bati tayari, ili kuwe na kipato kinachopanda bei zikipanda. Kama havipo, ziongezwe kwenye vipande vya Umoja na ziachwe zikue, zitolewe baada ya miaka kumi laki sita itakapoanza kupwaya.

Mwenye umri wa 45 leo ana nafasi ambayo huyu hana. Avipaue vyumba sasa, apande miti sasa kama ana ardhi, na anunue vipande kila mwezi kwa kiasi ambacho mshahara hautakihisi. Aangalie pia taarifa ya michango yake. PSSSF wana programu ya simu inayoitwa PSSSF Kiganjani, na mwezi ambao mwajiri hakupeleka ni rahisi kuudai leo kuliko miaka kumi na tano ijayo. Na akistaafu, akipigiwa simu na mtu anayejiita wa Hazina au wa mfuko, akimwomba pesa kidogo ili "faili lisogee", akate. Malipo ya mafao hayanunuliwi, na wengi wamepoteza akiba zao kwa simu ya namna hiyo.

Kuna kundi ambalo maneno haya yote ya kikokotoo hayawahusu: fundi cherehani, mama lishe, dereva, mvuvi. Zanzibar inawalipa wazee waliofika miaka 70 pensheni jamii tangu 2016, bila kuangalia walifanya kazi gani. Bara hakuna kitu cha namna hiyo kwa kila mzee, kwa hiyo uamuzi unabaki mikononi mwa mtu mwenyewe. NSSF inampokea aliyejiajiri kwa hiari, na miezi ya chini ya kupata pensheni ni 180. Mama lishe mwenye miaka 40 akianza mwezi huu bila kuruka anaitimiza akiwa na 55. Akisubiri hadi 50, ataifikisha akiwa na 65, miaka mitano baada ya wenzake wa ofisini kuanza kulipwa.